Mtu, Mizani Mbili

Maabara ya Tudor ina kompyuta arubaini,
ishirini na tatu ndizo zinazowaka.
Yangu imeng'oka herufi H,
kwa hiyo kila ninayemwandikia
namsalimu, "Abari gani."

Mwaka wa tatu, mradi wa muhula.
Wenzangu wanaunda programu za kuagiza pilau,
za kukodi tuktuk, za kutabiri bei ya vitunguu.
Mimi nikaandika: kipima-mizani.
Mashine isome shairi, iseme
kama limetimia au ni guni.

Mwalimu Nyawa alinitazama juu ya miwani.
"Baiti moja, biti nane.
Kipande cha shairi, mizani nane.
Nani alimwibia nani?"
Akatia saini, akaondoka na kikombe chake.

Mutuku, ambaye kwao Masii
hawakuwahi kumpimia mtu ubeti,
akasema: Hesabu vokali tu. A, e, i, o, u. Kazi kwisha.
Mistari kumi na minne ya msimbo.
Ikatembea. Nane, nane, nane, nane,
mpaka stima ikakatika
nasi tukaendelea kushangilia gizani.

Jumamosi nikaibeba hadi Sparki
kwa shangazi Mwanatumu, muuza barafu za ukwaju,
mwandika beti nyuma ya bili za maji.
"Ndoo uketi. Mashini yako yala nini?"
"Yala maneno, shangazi."
Akailisha polepole, vidole vikigonga goti:

*Mtu si wa kupunguzwa, mtu ni mzima mtu,*
*kibaba kilichojazwa, hakipimi moyo wetu.*

Mstari wa pili: nane, nane. Kijani.
Mstari wa kwanza: saba, tano. Nyekundu.
GUNI, ikasema mashine, kwa herufi kubwa,
mbele ya mwenye shairi.

Hakukasirika. Alifunga mdomo,
akaingurumisha puani: "Mmm."
Kidole kimoja.
Akaufungua: "Tu."
Kidole cha pili.
"Hiyo yako yamhesabu moja.
Mumemla kitwa."

Kweli. Kila mtu niliyempitisha humo
alitoka nusu.
Mke, nusu. Mji, nusu. Mto na maji yake.
Nchi nzima, na mipaka yote na deni lake,
mizani moja.
Mvita yenyewe ikaingia na tatu, ikatoka na mbili,
na mimi nilikuwa nimepiga makofi.

Nikarekebisha pale pale, juu ya friji ya barafu:
M ikifuatwa na konsonanti, ihesabiwe.
Mbuzi akawa na tatu.
Haya, isipokuwa W, isipokuwa B.
Mbunge akawa na mbili.
"Haimjui mbuzi na mbunge?"
Shangazi alicheka hadi mteja akaondoka na chenji yake.
"Iwate. Hata sisi hutupotea,
sanasana mwaka wa kura."

Sasa faili la vighairi linarefuka.
Mistari kumi na minne imekuwa mia sita.
Usiku wa manane simu inalia: sauti ya shangazi,
neno moja tu, bila salamu.
"Mbu."
Nusu saa baadaye:
"Mbili, lakini."

Jumatatu nawasilisha.
Mutuku ananishauri niandike usahihi ni asilimia tisini na saba,
nilale.
Ningelala. Ila nimekwama kwa neno moja
lisilotibika kwa orodha:
mbuni, mizani mbili, ndege asiyeruka;
mbuni, mizani tatu, mtu anayebuni.
Herufi zile zile, mpangilio ule ule.
Mdomo pekee ndio unaojua.

Nimechapa ukurasa wa mbele wa ripoti,
nikaupitisha humo, kwa mzaha tu:
*Mbuni: Zaituni Shee Kombo.*
Mashine ikafikiri kidogo.
Mbili, ikasema.

Sijaibishia bado.